Majogoo wa Otmari

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa kaa la moto kwa jirani, na kulifikisha kwenye kigae kabla halijazimika, kwetu Matogoro majogoo walikaribia kulingana na mitetea. Alfajiri ukungu bado umelala juu ya milima, hata mti wa uani huuoni, lakini majogoo unawasikia. Anaanza mmoja, mwenzake anamjibu, wa tatu anadakia, na mlima nao unarudisha, mpaka wewe uliyelala unaona kama nyumba nzima imebebwa juu ya sauti zile na inakwenda mahali. Mimi nililala na Bibi, mgongo wangu tumboni kwake. Kila alipowika mmoja, pumzi ya Bibi ilisimama kidogo. Alikuwa anasikiliza amewikia wapi.

Maana kwa Bibi, mahali pa kuwikia ndipo penye neno. Jogoo akiwika kibandani, amefanya kazi yake, kawaamsha watu. Akiwika juu ya kichuguu, anajisifu tu kama kijana mwenye shati jipya. Lakini akija mpaka mlangoni, akasimama kwenye kizingiti, akaelekeza kichwa ndani ya nyumba na kuwika, huyo ametaja mgeni. Hilo hata leo utalisikia Songea, mjini na vijijini, kwa Wakristo na kwa Waislamu. Bibi alikuwa na nyongeza yake, aliyoipata kwa mama yake: jogoo aliyetaja mgeni haliwi mpaka mgeni afike. Ukimchinja kabla, mgeni anapotea njia.

Na mgeni wa kungojwa nyumbani kwetu alikuwa mmoja. Otmari, mdogo wake baba, kitinda mimba wa Bibi. Alikwenda Tanga kukata mkonge, kama vijana wengi wa huku walivyokwenda, mimi nikiwa bado mgongoni. Mwanzoni alileta salamu kwa midomo ya waliorudi. Baadaye waliorudi wakawa wanakuja bila salamu, na mwisho wakawa wanapita njia ya mbali wakimwona Bibi barabarani, kwa kuogopa kuulizwa. Sura yake siikumbuki. Baba mdogo Otmari mimi namkumbuka kwa majogoo.

Kila aliyewika mlangoni, Bibi alimkamata, akachana ukanda kwenye kaniki yake kuukuu, akamfunga mguuni. Aliyefungwa kaniki hakuguswa tena, si Pasaka, si Noeli, si mkwe akija. Kwa wenzetu pora akianza kujaribu sauti, ile sauti ya kukwaruza kama mlango usiotiwa mafuta, basi siku zake zimehesabiwa, anabaki jogoo mmoja wa mbegu. Kwetu pora akijaribu sauti alikuwa ameshafika kizingitini. Mimi nilishangaa kwa nini majogoo wetu wanaupenda sana mlango, mpaka asubuhi moja niliamka nikamkuta Bibi ameinama kwenye ukungu, anamwaga pumba pale kizingitini, kidogo kidogo, kama mtu anayepanda ulezi.

"Bibi, unawalisha mlangoni?"

"Nyamaza wewe. Mgeni huitwa. Ukikaa kimya atajuaje kuwa bado upo?"

Nikachuchumaa karibu yake tukangoja wote wawili, na ukungu ukatupita usoni, baridi, kama nguo iliyofuliwa.

Mama yangu, Filomena, alikuwa mtu wa kucheka, lakini kwa majogoo wale kicheko kilimwisha. Mitetea ndiyo iliyokuwa yake. Yeye ndiye aliyeitafutia majani ya kutagia, yeye ndiye aliyejua ipi inaatamia na ipi inajifanya. Majogoo wakizidi, mitetea ndiyo inayolipa. Wanapandwa na huyu, kabla hawajajikung'uta anakuja mwingine, migongo inabaki wazi, nyekundu, kama imemwagiwa uji wa moto. Wanaacha kutaga. Wanakaa juu ya paa la jiko mchana kutwa wanaogopa kushuka kula. Mama alikuwa anawapaka majivu na mafuta ya nyonyo migongoni, anawafunika kwa tenga angalau wapumzike, na majogoo wanazunguka tenga wakipigana wao kwa wao.

"Mama," alimwambia Bibi siku moja, kwa adabu ya mkwe lakini meno yamebana, "hawa sasa si kuku. Ni jeshi."

"Acha lilinde nyumba."

"Linalinda nini? Mayai hakuna. Ugonjwa wa kideri ukija utawachukua wote bure, mgeni na asiye mgeni."

"Kideri nacho ni mgeni. Nacho kitatajwa."

Mama akamgeukia baba aliyekuwa anapiga mpini wa jembe. "Baba Agatha, sema neno."

Agatha ni mimi. Baba aliangalia mpini wake, akauzungusha. "Mimi hapa kati ya mama na mke ni kizingiti tu. Kila mmoja anipite."

Mama alikuwa na mtetea mmoja wa madoa tuliyemwita Shemeji, kwa sababu aliingia nyumba ya mtu yeyote bila hodi na kwenda moja kwa moja penye chakula. Huyo ndiye aliyekuwa anatotoa kuliko wote, vifaranga wengi wa kwetu na wa majirani walitoka kwake. Masika yale alikonda. Mgongo wake ukawa kidonda kisichokauka, mvua inamnyeshea, majogoo hawamhurumii. Asubuhi moja tulimkuta amelala ubavu nyuma ya kinu, miguu imenyooka, na majogoo wawili wenye kaniki bado wanagombana juu yake kama hawajui kuwa ameshaondoka.

Mama alimwokota Shemeji, akamweka chini ya mgomba, akachukua ufagio wa uani. Wakati huo yule jogoo mkubwa mwekundu, wa kwanza kabisa kufungwa kaniki, alikuwa amepanda kizingitini, kichwa ndani, kifua amekivimbisha. Mama akamwendea na ufagio. "Toka! Hutawika tena hapa!" Jogoo akaruka, akageuka hewani, akatua palepale kizingitini, lakini sasa mkia umeelekea ndani na kichwa nje. Akawika.

Aliwika vizuri mno. Mpaka leo ile sauti naisikia, ndefu, safi, ikishuka kuelekea barabarani.

Bibi alikuwa ndani. Alitoka polepole, mkono ukutani.

"Filomena. Umemgeuza."

Ufagio ulimwanguka mama mkononi. Na yeye alilijua neno lile, kila mtu alilijua: akiwika ameangalia ndani, mgeni anakuja. Akiwika ameangalia nje, mtu wa ndani ataondoka. Na kuondoka huko hakuna aliyeuliza ni kwenda wapi.

Siku zilizofuata zilikuwa kama ndoto unayoijua kuwa ni ndoto na bado huwezi kuamka. Hakuna aliyelitaja neno lile, na hakuna aliyefikiri jingine. Mama akichelewa kisimani, nilikwenda kusimama barabarani mpaka nione ndoo yake. Baba alikohoa tu, moshi wa jiko umemwingia, na mama akaacha mwiko ukielea kwenye uji. Bibi ndiye aliyetutisha zaidi, maana aliacha kumwaga pumba. Alikaa kwenye mkeka wake akitazama miguu yetu tunapoingia na kutoka, kama anajiuliza ni ipi. Padre alitufundisha kuwa hayo ni mambo ya giza, na mimi nilisali Salamu Maria kila nilipomwona jogoo mwekundu, na huku nampisha njia. Vyote viwili nilivifanya kwa moyo mmoja. Ndivyo tulivyoishi, na sidhani kama Mungu alichukia.

Basi ikaja siku ya mvua kubwa, ile ya kufunga milima yote isionekane. Alasiri, maji yanatiririka uani, tukasikia sauti.

"Hodi wenyewe! Hodi jamani!"

"Ingia," Bibi akajibu. "Mvua haina undugu, ingia."

Aliingia kijana mrefu, amejifunika gunia kichwani, viatu ameshika mkononi. Akampigia Bibi goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unatoka wapi na mvua hii?"

"Naitwa Rajabu. Natafuta gari la kwetu Tunduru, ndani huko, Mbesa. Lori lililonileta kutoka Madaba limeniacha mjini, nikasema nitembee mpaka nitakapolikuta jingine. Natoka Tanga, mama. Mkonge."

Bibi alikuwa anapepeta. Ungo ukasimama hewani. Mama akanitazama mimi, kama mimi ndiye mkubwa.

"Tanga," Bibi akasema. "Basi utakuwa umemwona Otmari. Ana kovu hapa, juu ya jicho. Akicheka anaziba mdomo."

Maji yalimdondoka yule kijana kidevuni. Ingekuwa rahisi kwake. Angesema, nimemwona, hajambo, anasalimu, na angelala amekula vizuri kuliko mkuu wa wilaya. Mimi nimekutana na watu wengi tangu hapo, na wachache wangesema alichosema yeye.

"Mama, nikikuambia nimemwona nitakuwa nimekudanganya. Mashamba yale ni mengi, kila shamba na watu wake. Sikumwona."

Bibi aliuweka ungo chini. Mvua ikapiga, halafu akainua kichwa kumwambia baba:

"Mkamate mwekundu."

"Mama, yule?"

"Umezibwa masikio? Yule. Mgeni amelowa, tumpe mboga ya majani? Na kisu mpe mwenyewe, huyu ni mtu wa msikiti, achinje kwa mkono wake ale kwa amani."

Baba alimkamata jogoo mwekundu chini ya uvungu wa ghala. Rajabu akakipokea kisu, akauliza upande wa kibla, baba akamwonyesha. Aliinama, akamlaza jogoo, akaishika miguu. Pale vidole vyake vikagusa kaniki. Akaiangalia. Akakiweka kisu chini taratibu.

"Mama, nisamehe. Si dharau. Kuku huyu ni wa tambiko? Kama ametajiwa mizimu, mimi siwezi kumla. Nipeni ugali na mboga yoyote, nitashukuru."

Hakukosea bure. Wangoni tuna kuku wa mahoka, wa kuwatajia waliotutangulia, na mtu wa Tunduru akiona kaniki nyeusi mguuni mwa jogoo atafikiri hivyo hivyo. Na Bibi alihitaji neno moja tu. Angesema ndiyo, jogoo angerudi uani na maisha yangeendelea kama yalivyokuwa. Mama alikuwa ameshaanza kuinamisha kichwa, akingojea hilo ndiyo.

Lakini hebu lipime neno lenyewe. Mahoka ni wafu. Kusema jogoo huyu ni wa mahoka ilikuwa kumweka Otmari huko walipo wafu, kwa mdomo wa mama yake mwenyewe.

"Si wa mizimu," Bibi akasema. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Ni wa mtu aliye hai. Mwanangu."

"Basi ana mwenyewe, mama."

"Alikuwa naye."

Akainuka kwenye mkeka, akatoka kwenye mvua bila kujifunika, akapiga magoti kwenye tope. Kaniki ilikuwa imekaa siku nyingi, fundo limekazana kama mfupa. Alijaribu kwa kucha likakataa. Akainamisha kichwa akalifungua kwa meno. Sisi sote tumesimama tunatazama, mama yangu, baba, mgeni, na jogoo naye ametulia kabisa, jicho lake la rangi ya asali limemkazia Bibi.

"Sasa hana mwenyewe," akasema. "Chinja, mwanangu. Huyu alitaja mgeni, na aliyepita mlangoni ni wewe."

Rajabu akasema bismilahi, akachinja.

Ilikuwa nyama ngumu, jogoo mzee. Mama aliichemsha mpaka mvua ikakatika na ukungu ukashuka tena mlangoni. Walipotenga chakula, Bibi aliichukua firigisi, ambayo kwetu ni ya baba mwenye nyumba na mwingine hathubutu kuigusa, akaiweka juu ya ugali mbele ya Rajabu. Baba alitazama pembeni akatabasamu. Bibi mwenyewe hakula. Alikaa anamtazama yule kijana anavyomega, anavyochovya, anavyofuta kidole.

"Mama yako anajua unakuja?"

"Hajui. Lakini yule, mama, ana mambo! Akidondosha mwiko tu, anasema mgeni huyo. Kila siku anadondosha mwiko."

Bibi alicheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia anacheka hivyo, kwa tumbo, mpaka akashika ubavu. "Basi hata leo ameudondosha! Na huko Tanga, huenda na wa kwangu ameketi kwa mtu, analishwa jogoo wa wengine." Akasema hivyo kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, halafu akamwongezea mgeni mchuzi.

Asubuhi kulikuwa na jua jepesi na nyasi zote zinafuka moshi. Rajabu akaondoka na jogoo mwingine mzima mkononi, wa kumpelekea mama yake aliyekuwa akidondosha miiko. Na huyo naye alifunguliwa kaniki kwanza. Tulimsindikiza mpaka barabarani. Tuliporudi, mama hakuweza tena kuvumilia.

"Mama, na yule aliyewika ameangalia nje? Tutafanyaje?"

Bibi alimwangalia kama anamshangaa. "Nani aliyelala kwetu? Nani aliyekula firigisi ya nyumba hii? Huyo si mtu wa ndani? Basi ameondoka. Neno limekwisha, Filomena, kawashe moto."

Mama alikaa chini palepale njiani, kwenye umande, akafunika uso kwa kanga. Analia au anacheka sikujua. Bibi alimngoja mpaka akamaliza, akampa mkono wa kuinukia.

Nimelifikiri neno lile miaka yote hii. Sijui kama Bibi aliliamini au alilipinda tu mpaka likatutosha sote. Alikuwa mtu mzima, alijua mkwe wake halali, alijua mjukuu wake anasimama barabarani kuhesabu ndoo. Huenda mwenye imani ya kweli ndiye anayeweza kuipinda bila kuivunja, kama mti mbichi. Uliokauka ungekatika.

Wiki ile Bibi aliwafungua wote. Mmoja alikwenda kwa jirani ambaye jogoo wake alikuwa amezeeka, tukapewa tembe asiyeanza kutaga, na hiyo ilikuwa damu mpya bandani. Mwingine alikwenda kwa mwanamke aliyejifungua. Wengine tuliwala, Jumapili baada ya Jumapili, na yeyote aliyepita na kusema hodi alikaribishwa. Alibaki mmoja mweupe wa mbegu. Mitetea ikashuka kwenye paa la jiko. Manyoya yalianza kuota migongoni, madogo, ya bluu kama vijiti vya kalamu, na mama aliniita kila asubuhi nikayaone. Pumba za kizingitini Bibi hakuziacha. Aliendelea kuzimwaga kila alfajiri mpaka alipokuwa haoni tena, na mimi nikimshika mkono. Ila kaniki hakuchana tena.

Otmari hakurudi. Bibi tumemzika bila ya yeye, na alipo hatupajui.

Zamani nilidhani siku ile Bibi alikata tamaa. Sasa nami wa kwangu wametawanyika, mmoja Mbeya, wengine Dar es Salaam, na mmoja simu yake haipatikani tangu muda mrefu, naona haikuwa hivyo. Kumngoja hakuacha hata siku moja. Aliacha kuwatesa walio hai kwa ajili ya kumngoja. Ni vitu viwili, na kuvitenganisha kulimgharimu meno kwenye lile fundo.

Mimi hapa Matogoro bado nafuga. Masika haya mayai yameniangulia majogoo watupu, wanapigana uani, na binti yangu ananifokea kwenye simu: "Mama, chinja! Jogoo mmoja anatosha mitetea yote hiyo!" Nachinja. Juzi mmoja alikuja kizingitini, kichwa ndani, akawika mpaka sufuria zikaitikia. Mjukuu wangu akaacha kuchambua mboga.

"Bibi, mgeni huyo. Tusubiri?"

"Mpaka kesho jioni."

"Na asipokuja?"

"Tutamla sisi," nikamwambia. "Na kabla ya kula tutawataja kwa majina wale ambao hawakuja."